Majuto Yenye Stara

Mwaka 1886 kilitoka Berlin kitabu cha kumbukumbu kilichoandikwa kwa Kijerumani na binti wa Sultani wa Zanzibar. Mwandishi alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, akaitwa Salme binti Said. Jina lililokuwa kwenye jalada ni Emily Ruete. Kati ya majina hayo mawili pana usiku mmoja wa Agosti 1866, ambapo binti huyo alipanda manowari ya Waingereza iliyoitwa Highflyer na kwenda Aden, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe.

Msomaji aliyekinunua kitabu kwa ajili ya usiku huo alirudi mikono mitupu, au karibu mitupu. Kitabu kimejaa jumba la Mtoni na tausi wake uani, Ramadhani na Idi, harusi, mavazi, wivu wa masuria, na namna binti wa kifalme alivyojifunza kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kina sura ya kuutetea utumwa, ambayo leo haisomeki bila uchungu. Lakini mapenzi yenyewe yamepewa kurasa chache mno: walikuwa majirani, walionana, wakapendana, akaondoka. Mimba haimo. Mtoto wa kwanza, aliyezaliwa Aden Desemba 1866 na kufariki mwaka uliofuata kabla wazazi wake hawajakaa Ujerumani, hatajwi hata kwa neno moja.

Kuna mahali pengine katika kitabu hichohicho ambapo mwandishi hajisitiri hata kidogo. Mwaka 1859, miaka mitatu baada ya baba yake, Sultani Said, kufa, kaka yake Barghash alipanga njama ya kumpindua ndugu yao Majid aliyekuwa amerithi Unguja. Salme alikuwa na umri wa miaka 15. Majid alimpenda, na Salme alikuwa amewahi kukaa kwake kama mtoto wa nyumbani. Lakini dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda kupita kiasi, alikuwa upande wa Barghash, na Khole akamvuta. Kwa kuwa alijua kuandika, akawa karani wa njama. Barua za kuagiza silaha na baruti zilitoka kwenye mkono wake, mkono uleule uliojifunza herufi kwenye mfupa wa ngamia. Njama ilivunjwa kwa msaada wa Waingereza, watu wakafa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid hakumwadhibu Salme.

Haya yote anayasimulia mwenyewe, kwa kauli ya kutenda. Niliandika. Nilijua. Nilimkosea.

Kwa hiyo kitabu kimoja kina vitu viwili vilivyowekwa tofauti. Habari inayomhusu mfanyabiashara yule, mumewe aliyekwisha kufa, na mtoto aliyezikwa imefunikwa. Kosa la mwandishi kwa ndugu yake limeanikwa juani. Inawezekana mpangilio huo haukutoka moyoni peke yake. Salme alikuwa mjane mwenye watoto watatu, alikuwa akidai urithi wake Unguja, na kutaja mimba ya kabla ya ndoa kungemharibia. Hilo ni kweli na lisemwe. Hata hivyo mpangilio upo, na unazua swali ambalo wanadini na wanafalsafa wamelizunguka kwa karne nyingi bila kulimaliza: mtu anayejutia uhusiano uliokufa ana haki ya kusimulia nini, na nini si chake?

Kiswahili kina neno linaloingia moja kwa moja katika swali hili, nalo ni stara. Limetoka kwenye Kiarabu, likazaa jamii kubwa huku kwetu. Nguo ni stara. Nyumba ni stara. Pazia ni sitara. Anayeoa au kuolewa huambiwa amepata stara, na Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, inawafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Ukilifuata neno hili vizuri utaona si sawa na siri. Siri yaweza kuwa ya mtu mmoja, na yaweza kuwa chafu. Stara daima ina wawili: anayefunika na anayefunikwa. Ni kitu ambacho mtu humfanyia mwenzake, na mara nyingi mwenzake hayuko katika hali ya kujifanyia mwenyewe.

Ndiyo maana methali ya pwani ikamchagua mwosha: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona kovu, kilema, dalili ya ugonjwa ambao marehemu aliuficha maisha yake yote. Fikihi inamtaka ayanyamazie aliyoyaona. Hakatazwi kusema kwamba aliosha, wala kwamba alilia alipokuwa akiosha. Anakatazwa kuutoa nje mwili wa mtu asiyeweza tena kuvuta shuka. Mtu anayeandika juu ya mke aliyemwacha, rafiki aliyemsaliti au baba aliyekufa wakiwa hawasemezani, yumo katika chumba hichohicho, na ndoo ni ileile.

Miaka karibu 1,500 kabla ya Salme, Mwafrika mwingine aliandika kitabu cha majuto ambacho bado kinasomwa. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Akiwa kijana masomoni Kartago alianza kuishi na mwanamke mmoja, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus. Waliishi pamoja zaidi ya miaka kumi, bila ndoa halali, kwa kuwa mwanamke hakuwa wa daraja la kuolewa na mtu mwenye matumaini ya cheo. Mwaka 384 Augustino alipata kazi ya kufundisha ufasaha Milano. Mama yake, Monika, akamfuata, ikatafutwa posa ya heshima. Binti aliyeposwa alikuwa bado mdogo, ikabidi kungoja karibu miaka miwili afikie umri wa kuolewa kisheria. Mama wa mtoto akarudishwa Afrika. Aliweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine, akamwacha mwanawe kwa baba yake. Augustino hakuweza kungoja hata hiyo miaka miwili. Akachukua mwanamke mwingine.

Katika Maungamo, kitabu alichokiandika mwishoni mwa karne ya nne akiwa askofu wa Hippo, mji wa Annaba wa leo, kisa chote cha kuachana kimechukua sentensi chache. Anakiri kwamba moyo wake ulijeruhiwa na jeraha likatoa damu. Anakiri kwamba mwanamke yule alikuwa bora kuliko yeye, kwa kuwa aliweza kushika nadhiri ambayo yeye alishindwa kuishika. Jina hakulitaja. Wasomi wamelitafuta, hawakulipata.

Wengi wamemlaumu kwa kutolitaja jina. Lawama hiyo inastahili kuangaliwa mara mbili. Katika kitabu hichohicho kuna rafiki wa ujana aliyefariki kwa homa Thagaste, na Augustino anamlilia kurasa baada ya kurasa: jinsi mji wa kwao ulivyogeuka adhabu, jinsi kila mahali walipokuwa wakienda pamoja palivyokuwa pakimchukiza kwa kuwa rafiki hayupo. Huyo naye hana jina. Kukosa jina, basi, si dalili ya ubaridi. Na kama yule mwanamke bado alikuwa hai, pengine katika jumuiya ya Kikristo ya Afrika hiyohiyo ambako kitabu cha askofu maarufu kingesomwa, kumtaja jina kungemtoa hadharani akiwa hana pa kujibia. Kwa jina, Augustino alimpa stara.

Kasoro iko kwingine, na mtu aliyefundishwa sarufi ya Kiswahili ataiona upesi kwa sababu lugha yetu hubeba jambo hilo katika mnyambuliko wa kitenzi. Kitenzi alichokitumia Augustino kusimulia kuondoka kwa mwanamke yule ni cha kutendwa. Aling'olewa ubavuni pake. Na nani? Hasemi. Monika? Familia ya mchumba? Desturi ya Roma? Mtu mwenye umri wa miaka thelathini na ushei, mwalimu wa ufasaha katika mji wa mfalme, aliyeijua lugha kuliko karibu watu wote wa zama zake, alifika kwenye tendo zito kuliko yote aliyomtendea mwanadamu mmoja, akaingia katika kauli ya kutendwa. Kwa wizi wa mapeari wa ujanani alisema wazi kwamba aliiba, akajichambua nafsi kurasa nyingi kwa matunda ambayo hata hakuyahitaji. Kwa mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile, mtendaji hayupo.

Hapo ndipo stara ilipoteleza. Pazia lilikuwa la mwanamke, na Augustino naye akajibanza nyuma yake.

Mifano hii miwili inatosha kuonyesha kwamba kiasi katika maandishi ya majuto hakipimwi kwa urefu wa kurasa. Salme aliandika mengi juu ya Majid na hakumvunjia heshima. Augustino aliandika machache juu ya mama wa mwanawe, na katika machache hayo akajipunguzia deni. Kipimo ni nani amefunikwa.

Na kufunika jina peke yake hakutoshi, jambo ambalo watu wa pwani hawahitaji kufundishwa. Mwanamke akivaa kanga yenye maneno akapita mbele ya mlango wa jirani aliyegombana naye, hajataja jina la mtu. Mtaa mzima umeelewa. Mipasho ya taarabu haina haja ya kumtaja anayepigwa. Ukumbi wenyewe humtafuta kwa macho. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na katika mji mdogo werevu ni wengi.

Copenhagen ya mwaka 1843 ilikuwa mji wa namna hiyo. Mwanafalsafa Søren Kierkegaard alikuwa amemposa Regine Olsen Septemba 1840, binti akiwa na miaka 18. Agosti 1841 akamrudishia pete, na Oktoba mwaka huohuo uchumba ukavunjika kabisa ingawa Regine alimsihi asimwache. Kierkegaard akaenda Berlin, akaanza kuandika. Februari 1843 kikatoka kitabu chake kikubwa cha kwanza kwa jina la bandia, na ndani yake mna shajara ya mtu anayemnasa msichana kwa hila mpaka anamposa, kisha anamwacha. Mwaka huohuo vikafuata vingine viwili: kimoja juu ya kijana aliyeshindwa kumwoa aliyempenda, kingine juu ya Ibrahimu na sadaka ya mwanawe. Jina la Regine halimo katika hata kimoja. Lakini uchumba ule ulijulikana, na mwenye vitabu naye hakubaki siri kwa muda mrefu.

Maelezo yake, aliyoyaandika katika shajara zake binafsi, ni kwamba alitaka aonekane mwovu ili Regine aachwe huru amchukie na kumsahau. Huenda aliamini hivyo kwa dhati, na hakuna sababu ya kumwita mwongo. Lakini tazama kilichotokea. Regine alifanywa fumbo la mji mzima bila kuulizwa. Uchungu wake ukawa malighafi ya mawazo ya mwingine, akiwa msichana wa miaka 21 asiye na kalamu wala mchapishaji. Kierkegaard alikuwa mwandishi mkubwa, na vitabu vile vimewasaidia watu wengi walio katika giza. Ukubwa huo hauondoi hoja.

Kuna upande mwingine wa kisa hiki unaostahili heshima zaidi. Regine aliolewa na Fritz Schlegel mwaka 1847. Miaka miwili baadaye Kierkegaard alimwandikia barua, akaitia ndani ya barua nyingine aliyomwandikia mumewe, akimwachia Schlegel aamue kama mkewe apewe au la. Schlegel aliirudisha bila kufunguliwa. Kierkegaard hakujaribu tena. Alipofariki Novemba 1855 ilionekana kwamba ameusia mali yake yote iende kwa Regine, kana kwamba walikuwa wameoana. Wakati huo Regine alikuwa ng'ambo katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Denmark, mumewe akiwa gavana. Hakuipokea mali. Aliomba barua zake mwenyewe na vitu vichache vilivyokuwa vyake.

Barua ile iliyorudi na muhuri wake inafundisha kitu ambacho vitabu vyote vya mwaka 1843 havikukifundisha. Ilipelekwa kwa mtu anayehusika, kupitia mlango ulio wazi, na mlango ulipofungwa mwenye barua aliondoka.

Maulamaa wa Kiislamu walilichambua jambo hili kwa makini kuliko watu wengi. Imamu Nawawi, mwanazuoni wa Sham wa karne ya 13 ambaye Riyadhu Swalihin yake inasomwa misikitini hadi leo, anaeleza kwamba toba ya kosa lililo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Kosa likimhusu mwanadamu, linaongezeka sharti la nne, nalo ni kumtoa katika haki yake. Kama ni mali, irudishwe. Kama ni maneno, atakwe radhi.

Hapo ukazuka mjadala ambao mwandishi yeyote wa kumbukumbu angefaidika nao. Je, uliyemsengenya bila yeye kujua ni lazima umwendee umwambie, ndipo umtake radhi? Wako waliosema ndiyo, haki ni haki. Wengine, Ibn Taymiyya akiwa miongoni mwao, walisema hapana: kumweleza kutamletea maumivu ambayo hakuwa nayo, na utakuwa umemkosea mara ya pili kwa jina la toba. Inatosha kumwombea na kumsema vizuri mahali palepale ulipomsema vibaya. Mjadala huo haukuwa na shaka juu ya wajibu wa kujuta. Ulikuwa unauliza majuto yanamgharimu nani.

Wakatoliki nao walifika karibu na hapo kwa njia yao. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwaagiza waamini kuungama walau mara moja kwa mwaka, na katika agizo hilohilo ukaweka adhabu kali kwa padri atakayetoa siri ya kitubio. Katika malezi ya kawaida ya parokia, anayeungama huelekezwa ataje dhambi zake, si za mwenzake. Mke anayeanza kueleza ulevi wa mumewe hukumbushwa kwa upole kwamba mume atakuja kuungama mwenyewe. Ni kanuni ndogo ya kichungaji. Ukiipeleka kwenye meza ya mwandishi, nusu ya kumbukumbu za mapenzi zilizochapishwa duniani zingebaki kurasa kumi.

Sasa turudi kwenye neno radhi, kwa kuwa humo ndimo lilimo tatizo lenyewe. Radhi hutolewa na mmoja tu: aliyekosewa. Akiwa amekufa, au amehamia maisha mengine, au amefunga mlango, mwenye majuto hubaki na mzigo usio na pa kuutua. Kuandika huja kama msaada, na mara nyingi ni msaada wa kweli. Lakini kitabu hakisomwi na aliyekosewa. Kinasomwa na wageni, na wageni ni wepisi wa huruma. Wanalia, wanasamehe, wanasema maskini, aliteseka sana huyu. Mwandishi anapokea kwa umati kitu ambacho umati haukuwa nacho cha kutoa. Kadiri anavyosimulia kwa utamu undani wa yule aliyempoteza, ndivyo anavyolipwa zaidi, na malipo yanatoka katika mfuko wa asiyekuwepo.

Hii ndiyo sababu ya kiasi, na ni sababu ya haki kabla haijawa ya ladha. Walimu wengi wa uandishi husifu maneno machache kwa kuwa yanamgusa msomaji kuliko mengi. Huenda ni kweli. Lakini anayenyamaza ili amguse msomaji bado anamtumia marehemu kwa biashara yake. Amebadilisha ufundi tu.

Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 unajulikana zaidi kwa mawaidha yake kwa binti kuhusu mume na nyumba, na mawaidha hayo yamezua mabishano ya haki kabisa. Yanayopita bila kutazamwa ni mahali pafupi anapomtaja marehemu mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana miaka mingi na majeshi ya Sultani Said, babake Salme. Mwana Kupona alikuwa mjane na mgonjwa. Anaeleza kwamba waliishi bila kuvunjiana haya, na kwamba mume alipofikwa na faradhi ya mauti alimpa radhi zake tena na tena. Basi. Vita, fitina za Siyu na Pate, mume mwenye maadui pande zote, hayo hayamo. Alichokitoa hadharani ni haya iliyohifadhiwa na radhi aliyoipata kwa mwenyewe, akiwa hai, kinywani mwake. Shaaban Robert naye, alipofiwa na mkewe wa kwanza, alimtungia shairi na kuliita kwa jina lake, Amina. Jina hapo ni heshima, kwa kuwa hakuna aibu iliyofuatana nalo.

Ibn Hazm wa Kurtuba alilifahamu hilo. Katika kitabu chake cha mapenzi, alichokiandika uhamishoni Shatiba mwanzoni mwa karne ya 11 baada ya mji wake kuharibiwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, anaeleza mapema kwamba majina mengi atayaficha, ama kwa kuogopa kufichua aibu, ama kwa kumlinda rafiki au mtu wa heshima. Lakini mjakazi aliyempenda kabla hajafikisha miaka ishirini, akafariki, alimtaja: Nu'm. Anakiri kwamba alikaa miezi saba bila kuvua nguo zake kwa huzuni. Aibu anayoionyesha ni ya mtu mwenye nguo chafu, yaani yeye.

Kuna hatari kubwa katika yote haya, na mtu mwaminifu hawezi kuipita. Neno stara limetumika kuwaziba midomo watu waliopigwa. Mke aliyevunjwa mkono huambiwa asitoe ya nyumbani. Mtoto aliyeharibiwa na jamaa huambiwa asitie ukoo aibu. Wanaosema hivyo hupenda kuegemea dini, na dini yenyewe inawakataa. Sura ya An-Nisaa, aya ya 148, inasema wazi kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, kisha inamtoa katika katazo hilo mtu mmoja: aliyedhulumiwa. Kwa hiyo anayedaiwa stara ni mkosaji anayesimulia majuto yake. Aliyekosewa hana deni hilo. Anaweza kusitiri akitaka, kwa hiari na ukarimu wake, lakini hakuna mwenye haki ya kumlazimisha, hasa yule aliyemkosea.

Shida ni kwamba katika mahusiano mengi yaliyovunjika kila mmoja hujiona ndiye aliyedhulumiwa. Mwanamume anayeandika juu ya talaka yake huanza na majuto, na kabla ya ukurasa wa tatu amekwisha kuwa mlalamikaji: nilikosea, lakini naye alikuwa hivi. Kurani, katikati kabisa ya hukumu za talaka katika Al-Baqara, inawakumbusha wanaoachana wasisahau wema uliokuwa baina yao. Agizo hilo limewekwa palepale pagumu, kwenye hesabu ya mahari na nani amsamehe nani nusu yake. Mtu anayeandika akiwa na kumbukumbu hiyo atajikuta anafuta maneno mengi, na yatakayobaki hayatakuwa dhaifu.

Salme alijaribu kutafuta radhi na undugu kwa miguu yake kabla ya kuvitafuta kwa kalamu. Mumewe alifariki Hamburg Agosti 1870 kwa ajali ya tramu, mtoto mdogo akiwa bado wa miezi. Majid, ndugu aliyemsamehe njama ya baruti, alifariki Unguja Oktoba mwaka huohuo. Barghash, ambaye kwa ajili yake aliandika barua zile, akawa Sultani. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alivuka bahari kwenda kumwona, na maofisa wa Kiingereza wakamshawishi aache kwa ahadi ya msaada kwa wanawe. Baadaye aliandika barua nyingi ndefu kwa rafiki wa Unguja ambaye hakumtaja jina, akieleza upweke wa miaka ya Hamburg. Zilikaa kwenye karatasi za familia, zikachapishwa mwaka 1993, miaka 69 baada ya kifo chake.

Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na watoto wake, kwa mara ya kwanza tangu usiku ule wa Highflyer. Barghash hakukubali kuonana naye. Majid alikuwa na miaka 15 kaburini. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata.